Ukiruka, usitulie chini
Unataka kuruka juu zaidi? Kunja magoti ujishushe kidogo kwa haraka, kisha nyanyuka papo hapo. Ule mshuko huvuta misuli ya mbele ya paja na kano za goti, zikahifadhi nguvu kama mpira uliovutwa. Ukitulia chini sekunde mbili tatu, sehemu kubwa ya nguvu hiyo imeshapotea. Tena muda wenyewe wa kutoa nguvu ni mchache: msuli huhitaji takriban sekunde 0.3 au zaidi kufikia nguvu yake ya juu kabisa, ilhali mguu wa mkimbiaji wa mbio fupi hugusa ardhi kwa takriban sekunde 0.1 tu. Kwa hiyo paja nene peke yake halitoshi (wanyanyua vyuma mtanisamehe). Ruka mara chache, kila mara kwa kasi yako yote, upumzike dakika 2 au 3 kati ya seti (yaani fungu moja la miruko na jingine). Kasi ikianza kushuka, acha kwa siku hiyo.