Skrini inachezacheza kodi ikirun kwenye Access (programu ya database ya Microsoft)? Fanya hivi

Unabonyeza kitufe, kodi inaanza kubadilisha filta, inafungua fomu nyingine, inajaza maboksi, na wewe unaona kila hatua inapita mbele ya macho, fomu inapepesa kama taa mbovu. Inakera, na pia inachelewesha, maana Access inachora upya kila kitu kinapobadilika.

Kama ni fomu moja tu inayosumbua, kwenye kodi yake anza na Me.Painting = False (Me ni fomu yenyewe), kazi ikiisha rudisha True. Hii inagusa fomu hiyo peke yake, nyingine zinaendelea kama kawaida. Ila jua kwamba fomu ikipata au kupoteza fokasi (yaani ikiwa ndiyo unayoitumia au ukihamia nyingine) Painting inajiwasha yenyewe, kwa hiyo ukiwa unarukaruka kati ya fomu utaona imegoma, kumbe haijagoma.

Hapo sasa ndo unaleta Application.Echo, inazima skrini nzima ya Access. Na hapa ndo watu wanaumia. Mimi mara ya kwanza niliandika Echo False juu, Echo True chini, nikaridhika, eror ikatokea katikati, ile Echo True haikufikiwa, skrini ikaganda nikajua mashine imekufa nikaizima kabisa. Ukiizima kwa VBA, lugha ya kodi ya Access, haijiwashi hata ukibonyeza Ctrl+Break ya kusimamisha kodi (kwa makro, ile orodha ya hatua unazochagua bila kuandika kodi, inajiwasha makro ikimaliza). So iandike hivi:

On Error GoTo Kosa
Application.Echo False, "Subiri kidogo..."
' kazi zako hapa
Toka:
Application.Echo True
Exit Sub
Kosa:
MsgBox Err.Description
Resume Toka

Ona ile Resume Toka, kukiwa na eror au kusiwe, lazima upite kwenye Echo True. Yale maneno ya "Subiri kidogo" yanatokea kwenye mstari wa chini wa Access, mtu asidhani imekwama. Na MsgBox bado itaonekana, Echo haizuii ujumbe wa aina hiyo.

Skrini ikishaganda tayari, bonyeza Ctrl+G ufungue dirisha la Immediate, andika Application.Echo True, piga Enter. Mimi siku hizi naweka kabisa makro ya AutoKeys (inayofunga kazi kwenye kitufe cha kibodi) ya kuiwasha, kitufe kimoja tu.

Halafu kuna wanaochanganya Repaint na Requery. Me.Repaint inamalizia tu kuchora kilichokuwa kinasubiri, rekodi mpya haileti. Ukitaka data mpya ni Me.Requery, na hiyo inakurudisha rekodi ya kwanza.