Neti ikizimwa Lamu, jipange hivi

Jamani, tukisikia neti imezimwa akili zetu zinaenda WhatsApp na TikTok tu. Lakini ukiangalia palipo na vita, kinachoumiza watu ni pesa, mgonjwa, na kutojua nani yu hai. Hapa kwetu mwezi wa tano 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, neti ikawa ya kusuasua siku kadhaa, na ile ilikuwa ajali tu, sasa fikiria mtu azime makusudi na bunduki zinalia.

Kwanza jua imezimwa kivipi. Kama kurasa fulani tu ndo hazifunguki, VPN (programu ya simu inayokupitisha njia ya pembeni hadi kurasa zilizofungwa) itakusaidia, bora uwe ushaiweka kabla. Kama data imekufa lakini simu zinapiga, basi SMS na M-Pesa ya kawaida (ya menyu ya laini, sio ya app) zaendelea, hazihitaji bando. Ikizimwa mitambo yote, VPN haina maana hata kidogo, usipoteze chaji kuhangaika nayo.

Pesa ndo mwanzo. Tigray, kule Ethiopia, vita vilipoanza Novemba 2020 walikatiwa simu, neti na benki pamoja, mtu ana akiba yake na hawezi kuigusa. Sudan Februari 2024 mitandao ilipozima, majiko ya mitaani Khartoum yanayolisha watu bure mengine yalifunga, kwa sababu michango ilikuwa ikiingia kwa simu. Kwa hivyo weka keshi ndani, na ziwe noti ndogondogo, mia na hamsini, maana ukienda na elfu dukani Kizingitini siku hiyo nani atakupa chenji?

Mgonjwa sasa, na hapa sifanyi mchezo. Gaza, 27 Oktoba 2023, simu zilikatika zote, watu hawakuweza kuita ambulensi, madereva wakawa wanafuata mlio wa bomu kujua waende wapi. Sisi wa visiwani ambulensi yetu ni boti. Kama una mja mzito nyumbani ama mzee wa sukari, ongea na nahodha leo, ujue analala nyumba gani sio nambari yake tu, mkubaliane bei, na petroli ya kufika Lamu mjini ikae kwenye jerikeni kabisa. Dawa za mwezi mzima pia, ukiweza.

Nambari ziandike kwenye karatasi, uifunge na nailoni isilowe. Sio kumi, ni zile muhimu.

Halafu chagueni jamaa mmoja aliye mbali na vurugu, tuseme shangazi yuko Malindi, kila mtu ampelekee habari yeye badala ya kutafutana ovyo. Simu hakuna? Andika barua, mpe nahodha ama konda wa basi kama walivyofanya wazee wetu. Usijaze maneno: nani, yuko wapi, hali yake, tarehe, na nani kaandika. Tarehe usisahau, manake barua ya juzi ikifika leo bila tarehe inaweza kutoa watu roho bure.

Kuna programu kama Briar inayotuma meseji kwa Bluetooth bila neti, ni nzuri ila ni ya karibu tu, mtaa kwa mtaa, haivuki bahari, na lazima nyote muwe nayo kabla. Mimi naona redio ndogo ya betri ina faida zaidi, maana neti ikifa uvumi ndo huvaa viatu.

Mwisho jaribuni. Jumamosi moja zimeni simu zote nyumbani asubuhi mpaka magharibi muone mnakwama wapi. Sisi tulijaribu, kufika adhuhuri ikajulikana hakuna hata mmoja anayejua nambari ya mkunga kwa kichwa isipokuwa bibi, naye kumbe kaiandika nyuma ya kalenda.