Jirani Akilalamikia Jogoo Wako: Anzia kwa Jirani, Kisha Banda

Kijijini, iwe Kasulu, Uvinza, Sikonge au Urambo, mtu aliyekua akisikia majogoo haanzi kuwalalamikia bila sababu. Akija kwako, ujue kuna kilichobadilika. Huenda jogoo mmoja sasa wamekuwa wanne, au banda umelihamishia chini ya dirisha lake. Huenda ndani mwake kuna mgonjwa au mtoto mchanga. Na mara nyingine kuku wamefukua mbegu zake za mahindi, akaona haya kulisema hilo, akashika la kelele. Kwa hiyo kabla hujanunua hata msumari, nenda kamuulize.

Mfuate wewe, jioni, watu wakiwa wametulia. Kama amekuzidi umri, salamu kwanza, kisha neno: "Shikamoo mama. Nimekuja kwa habari ya yule jogoo. Anakusumbua zaidi saa ngapi, na unamsikia ukiwa chumba gani?" Maswali hayo mawili yanatosha, maana majibu yake ndiyo yatakuonyesha cha kufanya. Akisema saa 10 usiku, chumba cha nyuma, unajua ni mahali anapolala jogoo. Akisema "na mchicha wangu wameumaliza," unajua dawa ni uzio wa kuzuia kuku, na sanduku la kumlaza jogoo usiku halitakusaidia kitu. Kumpelekea mayai matano ni jambo jema, ila yapeleke baada ya kurekebisha. Yakitangulia yataonekana kama ya kumziba mdomo.

Pwani ya Ziwa Tanganyika mambo yana sura nyingine. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa usiku wa giza, hurudi alfajiri, hulala asubuhi. Jogoo wa alfajiri hawakuti kitandani. Anayewaumiza ni yule anayepanda ukutani saa 3 asubuhi na kuwika juu ya vichwa vyao. Hapo kumfungia jogoo usiku ni kazi bure; mhamishie malisho ya asubuhi upande wa pili wa nyumba na uondoe kila kitu cha kupandia karibu na dirisha: kinu kilichopinduliwa, rundo la matofali, kuni. Mbalamwezi ikikua wavuvi wengi hupumzika na kulala usiku kama watu wengine, na malalamiko nayo huhama saa. Usishangae ukiambiwa jambo tofauti baada ya wiki mbili.

Sasa jogoo mwenyewe. Hawiki kwa sababu tu ameona jua. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika, na bado waliendelea kuwika kwa mzunguko wa karibu saa 24 kwa siku kadhaa. Jogoo ana saa mwilini, na huanza kuwika mapema kabla ya mapambazuko. Mwaka 2015 watafiti hao walionyesha kwamba mkubwa wa kundi ndiye huwika kwanza, kisha wanaomfuata kwa cheo. Kwa Kigoma, ambako jua huchomoza karibu na saa 1 asubuhi, tegemea kuanza kusikika saa 11 alfajiri au kabla ya hapo. Ukisikia saa 8 usiku, tafuta kichocheo: taa ya bodaboda inayopiga bandani, balbu ya sola iliyoachwa ikiwaka, kicheche anayezunguka, au jogoo wa nyumba ya tatu anayejibiwa na wako.

Shika daftari kwa usiku saba. Andika saa, amewika mara ngapi, na nini kilitangulia. Mara nyingi daftari hilo peke yake linakuonyesha kwamba gunia moja la kuziba mwanga lingetosha.

Hatua inayopunguza kelele kuliko zote ni kupunguza majogoo. Jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10. Mitetea hutaga bila jogoo kabisa; jogoo anahitajika tu ukitaka vifaranga. Tena mtetea akishapandwa huendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa wiki moja na zaidi, kwa hiyo majirani wawili wanaweza kuchangia jogoo mmoja kwa zamu. Kabla ya kumwingiza jogoo mgeni, mtenge wiki mbili na hakikisha kuku wako wamechanjwa kideri. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni kila miezi mitatu. Majogoo wachanga huanza kujaribu sauti wakiwa na miezi minne au mitano. Huo ndio wakati wa kuuza au kuchinja, kabla kila mmoja hajajiona mkubwa wa banda. Na ukimuuza anayewika sana ukabakiza wawili, usitegemee kimya: wa pili atashika nafasi yake.

Aliyebaki mtengenezee sanduku la kulala. Jogoo anayetaka kuwika husimama wima, hupiga mabawa, kisha hurefusha shingo juu na kuisukuma mbele. Dari fupi inamnyima nafasi ya shingo. Mpime akiwa ametulia, kutoka miguuni hadi ncha ya upanga wake wa kichwani, ongeza vidole viwili. Kwa jogoo wa kienyeji wa wastani kimo cha dari huangukia sentimita 40 hadi 45. Urefu wa sakafu ya sanduku uwe sentimita 60 na upana 50, ageuke bila kukunja mkia. Tumia mbao, usitumie bati. Toboa matundu ya hewa chini, pande mbili zinazotazamana, jumla yatoshe viganja viwili vya mkono, na yafunike kwa kibao kilichoinama kama ukingo wa paa ili hewa ipite na mwanga usipite. Sakafuni weka pumba za mpunga au maranda unene wa vidole vitatu. Mwingize giza likishaingia, mtoe saa 1 na nusu asubuhi. Bado anaweza kutoa sauti, lakini mara nyingi itakuwa fupi, iliyokatika, isiyofika mbali.

Linaloharibu sanduku hili ni joto. Tabora mwezi wa Oktoba, sanduku lililokaa juani mchana kutwa linabaki na moto hadi usiku. Liweke kivulini, na ukimkuta jogoo anahema mdomo wazi, fungua mara moja, mpe maji, ongeza matundu. La pili ni utitiri. Usiku pitisha tochi kwenye maungio ya mbao. Ukiona vidoa vidogo vinavyotembea, na ukivibonyeza vinaacha alama nyekundu kidoleni, hiyo ni damu ya jogoo wako. Toa matandiko yote uyachome, mwagia maji yanayochemka kwenye nyufa, anika sanduku hadi likauke. Matandiko badilisha kila baada ya siku mbili au tatu, maana mvuke wa kinyesi kwenye nafasi ndogo humuumiza macho na mapafu. Na kamwe usiweke majogoo wawili sanduku moja.

Ukiweza kuhamisha banda, hamisha, ila ujue hesabu: kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kutoka mita 5 hadi 20 tofauti inasikika vizuri. Kutoka 20 hadi 25 umepoteza jasho. Mlango uelekee mbali na jirani, na ukuta wa upande wake uwe wa tofali za udongo usio na upenyo. Uzio wa minyaa unaficha kuku machoni, sauti unaipitisha.

Usimfunge jogoo shingoni kwa uzi, kamba au mpira wa tairi. Ananyongwa taratibu huku wewe ukisifu kimya. Kuhasi nako si kazi ya nyumbani: kokwa za jogoo ziko ndani ya mwili, karibu na uti wa mgongo.

Ikishindikana, muombe mwenyekiti wa kitongoji awakutanishe, kisha ofisi ya mtendaji wa kijiji. Juu yake liko baraza la kata, ambalo kazi yake ya kwanza ni kusuluhisha. Ukiwa ndani ya manispaa, Tabora au Kigoma Ujiji, ulizia kwanza kwa mtendaji wa mtaa sheria ndogo zinasemaje kuhusu kufuga. Nenda na lile daftari. Mtakapoelewana, yaandikwe mambo yanayopimika: majogoo wangapi, wanafungiwa saa ngapi na kufunguliwa saa ngapi, banda liko mita ngapi kutoka dirishani, na siku ya kuja kuangalia tena, tuseme baada ya wiki tatu. Msaini wote wawili, kila mmoja abaki na nakala yake.