Filamu ya skrini tatu kuhusu vurugu za mjini: ninavyoifanya, hatua kwa hatua

Wanaoniuliza kuhusu filamu za skrini nyingi huanzia kwenye projekta: ngapi, za aina gani, zikae wapi. Hayo ni ya mwisho. Anza kwa kujiuliza kwa nini skrini moja haikutoshi. Kama jibu lako ni kwamba tatu zinapendeza, baki na moja, utaokoa fedha na usingizi.

Mimi jibu nililipata kwa kufikiria vurugu zinavyotokea mtaani. Jambo likizuka, hulioni lote. Unasikia kishindo, unageuka, umeshachelewa. Jirani wa ghorofani kaona mwanzo, mwenye duka kaona mwisho, na wewe umeambulia watu wanaokimbia. Skrini moja humpa mtazamaji jicho lililoona kila kitu, jicho ambalo siku ile hakuna aliyekuwa nalo. Skrini tatu humweka alipokuwa shahidi: akitazama kushoto, la kulia linampita.

(Mbinu yenyewe ni ya kale. Mwaka 1927 Mfaransa Abel Gance alimalizia filamu yake kuhusu Napoleon kwa projekta tatu sambamba, mara picha moja pana, mara picha tatu tofauti. Sisi tunaihitaji hiyo ya pili.)

Hatua ya 1: Tukio moja, karatasi moja

Usifanye filamu kuhusu "vurugu". Chukua tukio moja lisilozidi dakika kumi. Chora karatasi yenye safu tatu, moja kwa kila skrini, na mistari ya sekunde tano tano. Nina masharti mawili. Kila skrini ijue jambo ambalo zile nyingine hazilijui. Na pigo lenyewe lisionekane popote.

Huu ni mwanzo wa karatasi yangu moja. Sekunde ya 0: kushoto, mkono wa mwanamke unashusha mlango wa chuma wa duka, katikati, barabara tupu, kulia, dirisha la ghorofani, taa inawaka. Sekunde ya 5: katikati panaingia giza. Kwingine hakuna kilichobadilika. Sekunde ya 10: kushoto, mlango umeishia nusu na mkono haupo, katikati barabara imerudi, tupu vilevile, ila kuna kandambili moja juu ya lami, kulia taa imezimwa na pazia limeacha upenyo wa vidole viwili.

Hakuna damu, hakuna aliyepiga kelele, na bado kila niliyemwonyesha aliniuliza: amekwenda wapi?

Hatua ya 2: Usimwanike mtu

Kuweka ukungu usoni hakutoshi. Mtu hutambulika kwa mwendo, kwa koti, kwa sauti, hata kwa rangi ya mlango nyuma yake. Kama kisa ni cha kweli na wahusika bado wanaishi palepale, tumia waigizaji, badilisha mahali, na maneno ya shahidi yasomwe na mtu mwingine. Faili za simu mara nyingi hubeba mahali zilikopigwa. Futa taarifa hizo kabla hujamtumia yeyote. Ukitaka kuigiza purukushani nje, majirani na wahusika wa usalama wa eneo wajue mapema. Ukiwaeleza baadaye, utakuwa unawaeleza watu waliokwisha kutaharuki.

Hatua ya 3: Kupiga picha

Huhitaji kamera tatu. Moja inatosha, mradi mipangilio isiguswe: fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, na mizani ya rangi nyeupe uiweke mwenyewe kwa mkono. Ukiiachia kamera ijiamulie, taa ileile ya barabarani itakuwa ya njano skrini hii na ya kijani skrini ile. Umeme wako ukiwa wa 60 Hz (mizunguko 60 kwa sekunde), shata ya 1/60 ndiyo inayozuia taa kumetameta.

Ukimaliza tukio, usizime kamera. Hesabu kimoyomoyo hadi 60. Picha hizo ambazo hakuna linalotokea ndizo utakazoziwania wakati wa kuhariri.

Hatua ya 4: Sauti ndiyo inayogeuza shingo

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Mtu husikia pande zote ila huona upande mmoja, kwa hiyo sauti ndiyo itakayomwambia atazame wapi. Nawe unaweza kumdanganya. Kishindo cha ule mlango wa chuma sikukiweka kushoto uliko mlango. Nilikiweka kwenye spika ya kulia, chini ya dirisha, kama alivyokisikia yule wa ghorofani. Mtazamaji anageuka kulia, anakuta pazia, na anapokumbuka mlango, mkono umeshaondoka.

Rekodi ukimya wa kila mahali, angalau dakika mbili. Ukimya wa barabara na ukimya wa chumba havifanani, na tofauti yake inatisha kuliko muziki wowote. Mimi muziki siuweki kabisa.

Ukumbi mkubwa una hesabu yake. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, na fremu moja ni milisekunde 40. Aliyekaa mita 14 kutoka kwenye spika anasikia kishindo fremu nzima baada ya picha.

Hatua ya 5: Kuhariri

Fungua turubai moja ya pikseli 5760 kwa 1080, upange picha tatu za 1920 ubavu kwa ubavu. Hariri zote pamoja, kisha mwishoni uzikate kuwa faili tatu.

Pembe za jicho hazisomi kitu vizuri, lakini hunasa mwendo upesi. Kwa hiyo skrini moja ikichangamka, mbili zitulie karibu kama picha mgando. Zikichangamka zote, mtazamaji anachoka na kutazama katikati tu, na hapo kazi yote imekwenda bure. Kukata skrini zote tatu kwa mkupuo nakuruhusu mara moja katika filamu nzima.

Usiiamini kompyuta yako. Juu ya meza picha zote tatu zinaenea katika mtazamo mmoja, na filamu inaonekana imekamilika. Zimulike ukutani kwa ukubwa wake kabla hujaamua lolote.

Hatua ya 6: Kuzioanisha

Onyesho langu la kwanza nilitumia vichezeshi vitatu vya video vya bei nafuu, kimoja kwa kila skrini, nikavibonyeza kwa pamoja, nikaenda zangu. Cha kushoto kilichelewa fremu 2 kila filamu iliporudi mwanzo. Filamu ya dakika 10 hurudia mara 6 kwa saa, ni fremu 12, karibu nusu sekunde. Baada ya saa sita tofauti ilikaribia sekunde tatu, na mlango ulikuwa ukibamiza kabla ya mkono kuufikia. Mgeni mmoja alinisifu kwa ubunifu huo. Nilimshukuru.

Tumia kompyuta moja yenye matokeo matatu ya picha, au vichezeshi vinavyounganishwa kwa waya wa mtandao ili kimoja kiongoze viwili vifuate. Kigawanyio cha kawaida cha HDMI (waya wa kupeleka picha na sauti) hakifai, kwani kinatoa picha ileile kotekote.

Hatua ya 7: Chumba

Soma uwiano wa umbali wa projekta yako, yaani umbali wake hadi skrini ukigawanywa kwa upana wa picha. Ikiwa ni 1.5, skrini ya upana wa mita 3 inataka projekta ikae mita 4.5 nyuma. Skrini za pembeni zikunje kuelekea mtazamaji hadi asiweze kuziona zote mbili bila kugeuza kichwa. Mwanga usiwake na kuzimika zaidi ya mara tatu kwa sekunde, maana unaweza kumwangusha mwenye kifafa. Mlangoni bandika onyo la wazi kuhusu kilichomo, na njia ya kutokea ionekane hata gizani.

Kisha mwalike mtu mmoja ambaye hajaiona. Kaa nyuma yake, utazame shingo yake badala ya skrini. Ikipita dakika mbili haijageuka, chukua ile karatasi ya safu tatu na penseli.