Materuni na Chemka kwa siku moja, mkiwa kikundi

Anzeni Materuni, kwenye maporomoko ya maji karibu na Moshi, mmalizie Chemka, kwenye chemchemi ya kuogelea. Mkigeuza, giza litawakuta mkiteremka kwenye udongo unaoteleza. Watu 20 wanaenea kosta moja, ila masika, Machi hadi Mei, kodini gari zinazovuta magurudumu yote manne. Mlima wa kwenda Materuni una tope. Nauli na viingilio vikusanywe siku 3 kabla, maana "nitalipa njiani" ndiyo huvuruga hesabu.

Ondokeni Moshi saa 1:30 asubuhi. Kutembea hadi maporomoko ni kama saa moja: vaeni raba zenye meno, si ndala. Maji yake ni ya baridi kali.

Chemka mnapita Boma Ng'ombe, kisha barabara ya vumbi. Maji ni vuguvugu, yanavutia, lakini yana kina. Asiyejua kuogelea avae boya, bila mjadala.