Somo: Kukagua na kubadilisha mipira ya breki kwenye gari la zamani

Katika njia yote ya mafuta ya breki, mpira, yaani bomba laini linaloishia kwenye gurudumu, ndio unaokunjwa kila usukani ukikatwa na kila gurudumu likiingia shimoni. Mabomba ya chuma yametulia mahali pake. Mpira huchoka, na mara nyingi huchoka kwa ndani wakati nje bado unang'aa. Ndiyo maana macho peke yake hayatoshi.

Ukaguzi wa nje

Zuia magurudumu yanayobaki chini, inua gari kwa jeki, likalishe juu ya stendi, toa gurudumu. Futa mpira kwa kitambaa, kisha ukunje taratibu karibu na vichwa vyake vya chuma, kwani nyufa hujificha hapo. Ufa mrefu, unyevu wa mafuta, uvimbe au alama ya kusuguliwa na tairi: kimoja tu kinatosha kuuondoa mpira huo. Mwenzako akanyage breki kwa nguvu injini ikiwa inaunguruma, gia ikiwa huru, nawe utazame kama mpira unafura. Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili, uone kama unavutika au unagusa kitu. Magari mengi ya zamani yana pia mpira mmoja wa katikati, kati ya bodi na eksili ya nyuma. Huo husahaulika kuliko yote.

Ukaguzi wa ndani

Utando wa ndani ukivimba au ukibanduka, mpira hugeuka vali ya njia moja. Mguu una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite, lakini hakuna nguvu kama hiyo ya kuyarudisha. Gurudumu hubaki limeshikwa, ringi hupata moto, gari huvuta upande.

Kanyaga breki, achia, zungusha gurudumu kwa mkono. Likigoma, legeza nati inayounganisha bomba la chuma na mpira. Likiachia hapo, ugonjwa uko juu, mara nyingi kwenye masta silinda (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedeli ya breki). Lisipoachia, kaza nati hiyo na ulegeze niple ya kutolea upepo kwenye kalipa (kifaa kinachobana breki kwenye gurudumu). Likiachia sasa, mpira ndio ulioziba. Kama bado limeshika, ni pistoni ya kalipa au pini zake. Kipimo hiki cha dakika 5 huokoa kalipa nyingi zinazotupwa bila kosa.

Kubadilisha

Linganisha mpira mpya na wa zamani: urefu, vichwa, uzi wa nati. Uzi wa M10x1 (kipenyo milimita 10, milimita 1 kati ya jino na jino) na ule wa inchi 3/8 wenye meno 24 kwa inchi hukaribiana sana kwa macho, na ukiulazimisha usio wake utaharibu kalipa. Kichwa kizungushwe kwa vidole mizunguko kadhaa kabla ya spana kugusa. Badilisha mipira ya pande zote mbili za eksili kwa pamoja, kwa kuwa umri wao ni mmoja.

Sugua kutu kwenye nati kwa brashi ya waya, pulizia mafuta ya kulegeza kutu, acha mpaka kesho yake. Tumia spana ya mabomba, ile ringi iliyokatwa upande mmoja. Spana ya mdomo wazi hula kona za nati.

Anza na nati ya bomba la chuma, ondoa klipu kwenye kishikio, malizia upande wa kalipa. Kufunga ni kinyume: kalipa kwanza, halafu kishikio na klipu, bomba mwisho. Ukifuata mpangilio huu mpira hausokoteki. Mipira mingi ina mstari kwa urefu wake. Mstari ukijiviringisha, fungua upya. Kama kuna bolti yenye tundu (ile inayopitisha mafuta ndani yake), weka washa 2 mpya za kopa, moja kila upande wa kichwa. Kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kalipa isining'inie kwenye mpira, ifunge kwa waya.

Mafuta ya breki hula rangi, hivyo tone likianguka limwagie maji mara moja. Toa upepo kupitia mpira unaoonyesha ndani, ncha yake ikizama kwenye mafuta mapya, na mafuta kwenye kopo la juu, lile la masta silinda, yasishuke chini ya alama ya MIN.

Maswali ya wanachama

*Fundi, nati yangu inazunguka pamoja na bomba. Nifanyeje?*
Acha hapo hapo, mkuu. Jaribu kuikaza kidogo kisha uilegeze, mara kadhaa. Bomba likishasokoteka halirudishwi, weka jipya. Usitumie moto: mafuta ya breki huwaka.

*Nizuieje mafuta yasimwagike yote?*
Bonyeza pedeli kidogo, sentimita 3 hadi 4, uishikilie kwa fimbo iliyoegemea kiti. Hapo pistoni ya masta silinda huziba tundu la kopo. Taa za breki zitabaki zinawaka, basi chomoa waya wa betri.

*Nimemaliza, ila pedeli ni laini kama sponji.*
Upepo umebaki. Hakikisha kalipa za kushoto na kulia hazijabadilishwa pande, maana niple lazima ikae juu. Unapotoa upepo kwenye gari kuukuu weka kipande cha mbao chini ya pedeli isifike sakafuni. Mipira midogo ya kuzibia kwenye pistoni ya masta silinda ikipita sehemu yenye kutu ambayo haijazoea kufika, hukwaruzika, na masta silinda huanza kupitisha mafuta.

*DOT 5 ni bora kuliko DOT 4?*
DOT ni daraja la mafuta ya breki. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na DOT 3, 4 wala 5.1. Soma kifuniko cha kopo, weka kilichoandikwa. Mafuta ya injini kamwe, hata tone: huvimbisha kila mpira ulio kwenye mfumo.