Namna ya Kusoma Kipimo cha Mafuta ya Damu Pale Urithi Unaposhukiwa

Majibu ya maabara huonyesha kiasi cha mafuta kilichomo katika damu, lakini hayasemi kama mafuta hayo yamezidi kwa sababu yanaingia mengi au kwa sababu yanaondolewa polepole. Kwa mtu mwenye ndugu waliopatwa na mshtuko wa moyo kabla ya umri wa miaka 55 kwa wanaume, au 60 kwa wanawake, uondoaji ndio wa kuchunguzwa kwanza.

Kabla ya kushuku jeni, daktari aondoe uwezekano wa sababu nyingine: kisukari kisichodhibitiwa, upungufu wa homoni za tezi ya shingo, ugonjwa wa figo, pombe, ujauzito na baadhi ya dawa.

Kisha tazama LDL, yaani chembe zinazobeba kolesteroli "mbaya" katika damu. Chembe zake hunaswa na vipokezi vilivyo juu ya seli za ini, na aliyerithi nakala moja mbovu ya jeni ya kipokezi hubaki na takriban nusu ya uwezo huo tangu kuzaliwa, hata akila kwa uangalifu mkubwa. Kwa mtu mzima, LDL ya milimoli 4.9 kwa lita au zaidi yatosha kuamsha shaka. Mwombe daktari apapase kano za visigino na za migongo ya mikono, kwa kuwa vinundu vigumu mahali hapo ni ushahidi mzito, ingawa wagonjwa wengi hawana.

Jeni ya PCSK9 nayo inaweza kuelemea upande wowote. Protini yake husababisha vipokezi viharibiwe badala ya kurudi kazini, na mwaka 2003 watafiti walieleza familia za Ufaransa ambazo nguvu ya protini hiyo ilizidi, LDL ikapanda. Kinyume chake, watafiti Jonathan Cohen na Helen Hobbs wa Dallas, Marekani, walionyesha kwamba Wamarekani Weusi wenye nakala moja iliyozimwa walikuwa na LDL pungufu kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulipungua kwa asilimia 88. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili, kwa maoni yangu, ndilo fundisho kubwa: LDL iliyo chini maisha yote hulinda kuliko ile iliyoshushwa uzeeni.

Trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, zikizidi milimoli 10 kwa lita, hofu ya karibu ni kuvimba kwa kongosho, si moyo. Kimeng'enya kiitwacho LPL, kilicho kwenye kuta za vishipa vidogo, ndicho huvunja mafuta yatokayo utumboni. Nakala zote mbili za jeni yake zikiwa mbovu, utegili (sehemu ya majimaji) wa damu ulioachwa kwenye friji usiku kucha hutengeneza tabaka jeupe juu. Mgonjwa wa namna hii hupunguza mafuta yote ya chakula, tui la nazi likiwemo, kwa kuwa statini, dawa za kushusha kolesteroli, humsaidia kidogo tu. Hata hivyo, watu wazima wengi wenye kiwango hicho wana mabadiliko madogo ya jeni kadhaa yanayochochewa na kisukari au pombe.

LDL ya kurithi ikithibitishwa, pima wazazi, ndugu na watoto, kwani kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 wa kurithi nakala mbovu. Kipimo cha jeni kisipoonyesha kasoro, matibabu yasisimamishwe kwa sababu hiyo, maana si mabadiliko yote yanayojulikana.